Salio Limeliwa: Deni Lisilo na Shahidi Tarime na Serengeti

Ng'ombe wa mahari kwa Wakurya wa Tarime na Serengeti hawaondoki kimyakimya. Huhesabiwa zizini mmoja mmoja, pande zote mbili zikitazama: huyu mtamba, yule dume, huyu ana ndama. Ndoa ikivunjika, hesabu ileile hufufuliwa na wazee hukaa kuamua wangapi warudi. Ng'ombe wa wizi nao wana njia yao, ritongo, mkutano wa hadhara ambapo mtuhumiwa husimama mbele ya watu wa kwao. Hata Serikali ilipoandika sheria za mila mwaka 1963, kurudisha mahari kulipewa vifungu vyake.

Simu za mkononi zikaja na deni la namna nyingine.

Vodacom ilianza kazi Tanzania mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na vocha ya kukwangua ikaenea. Kwangua kwa sarafu, ingiza tarakimu, salio limeingia. Hapo ndipo mambo yalipogeuka: mteja amelipa kabla ya kutumia, na fedha yake inakaa kwa yuleyule atakayemkata. Anayedai ng'ombe sharti afike kwako apige hodi. Anayekata salio yuko ndani tayari.

Zikafuata huduma za namba fupi: miito ya nyimbo, matokeo ya mpira, nyota, mistari ya dini, bahati nasibu. Kujiunga bila kujua ni rahisi mno kwenye kitochi. Ujumbe unachomoza katikati ya kioo, mtu anabonyeza ili auondoe aendelee na shughuli zake, kumbe ameshakubali. Tangu hapo anakatwa siku hadi siku. Akiweka vocha leo, kesho imepungua na hajapiga simu hata moja. Watu husema "salio limeliwa". Mlaji hatajwi, na sarufi hapo haijakosea.

Sirari, mji unaotazamana na Isebania ya Kenya, una mtego wa ziada. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao huweza kushika mnara wa ng'ambo, mtu akapiga Tarime mjini kwa bei ya msafiri naye amekaa barazani kwake. Septemba 2006 Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kupiga kwa bei za kawaida katika nchi zote tatu. Kwa mtu wa mpakani, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Kampuni hiyo baadaye ikawa Zain, kisha Airtel.

Sheria ilikuja nyuma. Ile ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka matangazo ya biashara yatumwe kwa aliyeridhia, na mwaka 2018 zikatoka kanuni za kumlinda mtumiaji wa mawasiliano. Mlalamikaji huanza kwa kampuni yake. Asiporidhika hupanda hadi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Aliyekosea namba akituma fedha kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008, ana pa kushika: ujumbe wa muamala wenye jina la aliyepokea. Akiwahi kabla fedha haijatolewa, huenda akarudishiwa. Aliyeliwa salio ana namba ya tarakimu tano tu, isiyo na ukoo wala kijiji.

Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Mtu wa Mugumu, wilayani Serengeti, akitaka kuifuata ana kwa ana, kama anavyofuata ng'ombe wake, shilingi mia anayoidai haimtoi hata stendi.