Mirathi na Mizabibu ya Burgundy

Kila linapotajwa suala la kurithishana mashamba ya mizabibu huko Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, mshtakiwa wa kwanza huwa Napoleon. Sheria yake ya Kiraia ya 1804 ilimzuia mzazi kumwachia kifungua mimba mali yote. Mwenye mtoto mmoja anaruhusiwa kugawa atakavyo nusu tu ya mali yake, mwenye wawili theluthi, mwenye watatu au zaidi robo. Kinachobaki ni haki ya watoto, kwa mafungu sawa. Ushahidi unaotolewa ni Clos de Vougeot, shamba la hekta 50 hivi ndani ya ukuta mmoja, lenye wamiliki wapatao 80, wengine wakiwa na mistari michache tu ya mizabibu. Lawama hiyo ina chembe ya ukweli, lakini nadhani inamkamata asiyehusika na kumwachia mhalifu halisi.

Tuanze na Vougeot penyewe. Watawa wa abasia ya Cîteaux walilijenga shamba hilo tangu karne ya 12, na walilishika hadi Mapinduzi ya Ufaransa yalipotaifisha mali za Kanisa na kuliuza mwaka 1791. Baada ya hapo lilikaa kipande kimoja kwa karibu karne nzima, miaka mingi kati ya hiyo ikiwa chini ya sheria ileile ya mirathi. Lilipasuka mwaka 1889, warithi wa familia ya Ouvrard walipoliuza kwa wanunuzi kadhaa. Wakati huo filoksera, mdudu anayekula mizizi ya mizabibu, alikuwa ameshaingia Burgundy zaidi ya miaka kumi, na dawa pekee ya kudumu ilikuwa kung'oa na kupanda upya mizabibu iliyobebeshwa juu ya mizizi ya Kimarekani. Gharama hiyo, pamoja na biashara iliyodorora hadi miaka ya 1930, iliwachosha matajiri wengi, na wakulima wadogo wakapata nafasi ya kununua kipande hiki na kile. Hata hivyo bado waliuza divai yao kwa mapipa kwa wafanyabiashara, ambao waliichanganya na kuiuza kwa majina yao. Ni kati ya vita viwili vya dunia ndipo watu kama Marquis d'Angerville wa Volnay, Henri Gouges wa Nuits-Saint-Georges na Armand Rousseau wa Gevrey-Chambertin walipoanza kujaza chupa nyumbani na kuzipa majina ya familia zao. Kwa hiyo shamba la familia tunalolisifu kama urithi wa kale ni la juzi tu, na lilizaliwa na mgawanyiko huohuo unaolaumiwa.

Mtu atauliza: je, watoto wanne wakigawana, kisha wajukuu nao wakagawana, kitabaki nini? Kwenye karatasi, hakuna. Lakini familia hazikukaa bila kufanya lolote. Ndoa ziliunganisha viwanja, na ndiyo maana lebo nyingi za Burgundy zina majina mawili ya ukoo. Ndugu anayelima hukodi mafungu ya wenzake, au hulima kwa kugawana mavuno. Tangu 1970 sheria inaruhusu ardhi iwekwe katika ubia maalumu, warithi wakagawana hisa na mizabibu ikabaki pamoja. Isitoshe, Bordeaux ina sheria hiyohiyo ya mirathi, na bado mashamba yake makubwa yamebaki makubwa, mengi yakimilikiwa na kampuni.

Mhalifu halisi, basi, ni bei, ambayo ndiyo iliyobadilika. Hekta moja ya daraja la juu kabisa leo huuzwa kwa mamilioni ya euro, na fungu la mrithi hukadiriwa kwa bei hiyo, ilhali mapato hutoka kwenye mapipa machache kwa mwaka. Kodi ya mirathi kwa watoto hufika hadi asilimia 45. Ipo nafuu kwa wanaoahidi kutouza, tena kubwa, lakini haimsaidii ndugu anayelima kumlipa dada yake wa Paris anayetaka fungu lake taslimu. Hapo mnunuzi tajiri wa nje ndiye pekee mwenye jibu. Clos de Tart ya Morey-Saint-Denis, shamba la hekta 7.5, haijawahi kugawanywa tangu 1141: ilishikwa na watawa wa kike, kisha familia mbili kwa zamu. Mwaka 2017 iliuzwa nzima kwa kampuni ya bilionea François Pinault. Kinyume chake, Vougeot iliyokatwakatwa bado ina familia zinazolima.