Silabi Mkekani: Historia Fupi ya Kumfundisha Mtoto Kusoma Kiswahili

Mshairi anapotunga huhesabu mizani kwa vidole. Mtoto wa elimu ya awali anapogawa neno hupiga makofi. Wote wawili wanafanya kazi moja, ila mmoja huitwa malenga na mwingine huambiwa aache kelele. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba ujirani huu wa mizani na kusoma haukuja kwa bahati. Una historia ndefu katika lugha yetu, na historia hiyo inaweza kumfaa mzazi, babu au bibi aliyeketi mkekani na mtoto asiyetaka kukiona kitabu.

Tuanze na neno lenyewe. Siku hizi tukisema chuo twafikiria ualimu, ufundi au shahada. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu, na vyuo vilikuwa vitabu. Ndiyo maana mtaalamu wa dini hata leo huitwa mwanachuoni. Kutoka kwenye kitabu, jina lilihamia mahali kinaposomwa, yaani kwa mwalimu wa Kurani, ambako mtoto wa pwani alitia mguu akiwa bado mdogo. Huko hakukabidhiwa herufi ikae peke yake kwa muda mrefu. Aliipokea pamoja na irabu zake na kuiimba: ba kwa fataha, bi kwa kisra, bu kwa dhuma. Kwa maneno mengine, alifundishwa silabi, tena kwa sauti ya pamoja, mwili ukiyumba kufuata mapigo.

Kwa hati hiyo hiyo ya Kiarabu ndipo tenzi zetu za kale zilipoandikwa. Nakala ya Utendi wa Tambuka inayojulikana sana ni ya mwaka 1728, na mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalihifadhiwa kwa hati hiyo kabla ya kuchapwa kwa herufi za Kirumi mwaka 1940. Hata hivyo hati ya Kiarabu ilikuwa na alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. Msomaji aliyekutana na neno lisilo na alama za ziada ilimbidi aamue mwenyewe kama ni i au e, kama ni u au o. Nani alimwongoza? Sikio lake. Vina na mizani vilimwambia neno gani linaingia mahali pale. Hivyo ushairi haukuwa pambo lililokuja baada ya kusoma. Ulikuwa fimbo ya msomaji gizani.

Herufi za Kirumi zilipoletwa na wamisionari katika karne ya 19, zilitumika kwa kanuni nyepesi: irabu zitamkwe kama za Kiitalia, konsonanti zikaribie za Kiingereza. Askofu Edward Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Miaka miwili kabla yake, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni Bagamoyo, na kutoka huko walipanda kuelekea bara, Uluguru ikiwamo. Serikali ya Wajerumani nayo ilitumia Kiswahili katika shule zake na kutuachia neno lenyewe, shule. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusanifisha tahajia. Matokeo yake ni neema tunayoisahau: katika Kiswahili, aliyejua silabi zake anaweza kulisoma neno ambalo hajapata kuliona. Mtoto wa London hana bahati hiyo. Lugha yake huandika sauti moja kwa njia nyingi, na herufi moja huwa na sauti kadhaa.

Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliupeleka usomaji huo mbali na pwani. Mwalimu wa kijijini alilipokea, akalisoma mbele ya watu, na kurasa za mashairi zikasubiriwa kwa hamu. Humo ndimo Shaaban Robert alimochapisha baadhi ya tungo zake. Kwa wengi walioishia madarasa ya chini, shairi lililosomwa kwa sauti ndilo lililowazuia wasisahau kusoma.

Kisha likaja vuguvugu ambalo watu wa umri wangu tulilishuhudia. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba kiasi cha theluthi moja tu ya watu wazima walijua kusoma. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha asilimia 61. Nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na jioni tulitumwa kuwasaidia wazee chini ya mwembe. Nilichokiona ni kwamba mzee hakuanza na herufi a. Alianza na neno alilolijua shambani mwake, likakatwa vipande, na kila kipande kikaitiwa ndugu zake: pamba, kisha pa pe pi po pu. Paulo Freire wa Brazili, aliyeitembelea Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa wakulima wa nchi yake, kwa kuwa Kireno nacho hukatika vizuri kwa silabi. Walichoongeza watu hao juu ya desturi ya chuoni ni hiki: silabi itoke katika neno lenye maana kwa anayejifunza.

Watoto wadogo walikuwa na kwao: shule ya vidudu. Jina hilo la upendo lilifaa, maana kazi kubwa pale ilikuwa nyimbo, michezo na hadithi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali rasmi, na ile ya mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Hilo ni jambo jema. Lakini pamoja na urasmi liliingia pia daftari la kunakili, tena mapema mno mahali pengine, na wimbo ukasogezwa pembeni. Tafiti za Uwezo zilizoanza kutangazwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba wengi wa watoto wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ndipo serikali ikaurekebisha mtaala wa darasa la kwanza na la pili, mkazo ukawekwa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na ndani yake kusikia sauti kukapewa nafasi mbele ya kuziandika.

Historia hii ingebaki kuwa somo la chumba cha semina kama isingenifikia nyumbani. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, aliletwa kwetu hapa Morogoro akiwa na miaka mitano, na maneno yalimtangulia: mtoto mgumu, hashiki. Mwalimu mmoja wa huko alikotoka alimwambia mama yake kwamba mtoto huyu hatasoma. Ukimfungulia kitabu alijilaza kifudifudi. Ukimpa penseli aliivunja ncha. Lakini ukiita "Kitendawili!" aliitikia "Tega!" kabla hujafunga mdomo, na nyumba isiyo na mlango alijua kuwa ni yai. Nikajiuliza: mtoto anayeweza kushika fumbo, akaligeuza akilini na kulifumbua, atakosaje akili ya kusoma? Nilimfundisha kijana wa sekondari kwa miaka mingi, na mara nyingi niliona kwamba aliyeambiwa mapema kuwa hawezi hutumia nguvu zake zote kulinda sifa hiyo. Sikutaka mtoto wa miaka mitano aanze ulinzi huo.

Basi kitabu kikapumzika kabatini, tukabaki na masikio. Tulianza na majina. Jina lake tulilipigia makofi, kisha la mama yake, la jirani, la mbuzi wa jirani. Tukalipigia mji: Mo-ro-go-ro, makofi manne. Tukaupigia mlima unaoonekana mlangoni: U-lu-gu-ru, makofi manne tena. Hapo nikasimama mwenyewe nikatabasamu, na nyinyi watunzi mtakuwa mmekwisha kuona: mji na mlima wake vikitajwa pamoja ni mizani nane kamili, kipande kizima cha shairi la mizani kumi na sita, au mshororo mzima wa utenzi. Tena mji wote ni o, na mlima wote ni u. Mtoto ndiye aliyegundua hilo, kwa midomo yake: "Bibi, mji unafungua mdomo, mlima unaubana." Hakuna kitabu kilichomwambia.

Baada ya majuma kadhaa ya michezo hiyo niliandika mji kwa kijiti mchangani, silabi nne, kila moja ndani ya duara lake. Alikanyaga kila duara akitamka. Siku iliyofuata nilifuta duara moja akaniambia lipi limekwenda. Hivyo herufi zilikuja zikiwa na sauti tayari, kama mgeni anayejulikana jina kabla ya kubisha hodi. Baada ya ro na go, tuliita ndugu zao: ra re ri ro ru, ga ge gi go gu. Uluguru ikatusaidia kwa shida nyingine iliyo ya wengi katika nchi yetu, ya kuchanganya l na r, kwa kuwa jina hilo linazo zote mbili na halikubali zibadilishane.

Hapa pana jambo ambalo watunzi wanalijua kuliko waandishi wengi wa vitabu vya kuanzia. Silabi ya Kiswahili si lazima iwe konsonanti na irabu. Katika mtu kuna silabi mbili, na ya kwanza ni m peke yake. Katika nchi, n husimama peke yake vilevile. Lakini katika mbuzi, m hiyo imeungana na b, na makofi ni mawili tu, mbu-zi. Mtoto aliyezoeshwa kupiga makofi hubaini tofauti hiyo bila kuelezwa. Mtoto aliyeanzishiwa majina ya herufi huhangaika nayo, na mtunzi mchanga aliyetoka katika malezi hayo ndiye tunayemsahihisha mizani yake kila juma.

Milima hii ina funzo lake kuhusu ugumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba makinga maji mlimani. Mwaka 1955 watu waliasi, na fujo za Matombo zikaufikisha mpango huo ukingoni. Watawala walisema Waluguru ni wagumu wa kubadilika. Lakini ukipanda Mgeta utaona matuta ya ngazi yanayotunzwa na wakulima hao hao, kwa kuwa huko kuna maji na mboga zinazopata soko mjini. Faida ya kazi inaonekana kwa macho. Ardhi ilihitaji kukingwa, hilo ni kweli. Kilichokataliwa ni amri isiyokuwa na tija. Mtoto naye mara nyingi hakatai kusoma. Anakataa kazi ya jembe ambayo hajaonyeshwa mavuno yake.

Sisemi kwamba makofi yanatosha. Herufi lazima zijulikane, moja moja, na mkono ujifunze kuziandika. Tena kabla ya kumwita mtoto mvivu, apimwe macho na masikio, maana wapo wanaokataa kitabu kwa sababu hawakioni vizuri. Wala dawa hii si ya siku moja: sisi tulitumia robo saa kila jioni, na tuliacha kabla hajachoka, ili kesho aje mwenyewe. Ilichukua miezi minane hadi aliposoma sentensi ya kwanza kitabuni. Anasoma polepole bado, na anapokwama hupiga makofi kimya kimya kwenye goti.

Sasa neno langu kwenu watunzi. Hapa ukumbini tunabishana juu ya guni na bahari, na ni vizuri. Lakini tuangalie ni nani atakayetusoma miaka ishirini ijayo. Mtoto wa miaka mitano anahitaji beti fupi, za mizani nne au nane, zenye vitu anavyovijua: ndizi za Kinole, njegere za Mgeta, mvua ishukayo mlimani. Anahitaji vina vinavyomfanya atabiri silabi inayokuja kabla jicho halijaifikia, kama vile msomaji wa hati ya Kiarabu alivyotabiri irabu zake. Beti kama hizo zinahitaji ufundi, kwa kuwa neno moja lililolegea mtoto hulitema. Atakayetunga asiipeleke kwanza kwa mhariri. Amsomee mtoto mmoja jirani yake, mara tatu, na ya nne amwachie mtoto amalizie mshororo. Akiumaliza, utungo huo umepita.