Ruwa: Tokoloshi aliyegeuzwa mgeni wa sayari nyingine

Septemba 2024 ilitimia miaka 30 tangu watoto 62 wa Shule ya Ariel huko Ruwa, nje kidogo ya Harare, waseme wameona chombo king'aacho kimetua vichakani, nyuma ya uwanja wao wa michezo. Ilikuwa Ijumaa, Septemba 16, 1994, saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko. Walimu walikuwa kikaoni.

Siku mbili kabla, moto ulikuwa umekatiza anga la kusini mwa Afrika: mabaki ya roketi iliyobeba setilaiti ya Urusi, Cosmos 2290. Habari za visahani virukavyo zikatapakaa. Ijumaa ile, basi, watoto wengi walifika shule neno likiwa tayari mdomoni.

Si wote. Cynthia Hind, mtafiti wa mambo haya aliyewahi kufika shuleni, aliandika kwamba baadhi ya watoto Waafrika waliogopa wakidhani ni tokoloshi, wamekuja kuwala. Kwangu hapo ndipo penye kiini cha mkasa, na ndipo paliporukwa. Kiumbe mfupi wa kutisha watoto alikuwa na jina lake kusini mwa Afrika kabla roketi ya kwanza haijarushwa. Mwaka 1995 pepo Popobawa aliwalaza watu nje Unguja na Pemba, nasi hatukuuliza katoka sayari gani.

Miezi kama miwili baadaye akaja John Mack, profesa wa magonjwa ya akili wa Harvard. Mbele yake watoto wakasimulia kuwa viumbe wale waliwapa onyo, tena kwa macho tu: binadamu anaiharibu dunia. Wakosoaji wakahoji: Septemba onyo hilo lilikuwa wapi? Hind naye walimbana, kwa kuwa aliwahoji watoto kwa makundi, huyu akimsikia yule. Naona wana haki. Mtoto wa miaka minane humsoma mgeni upesi, akajua anachotaka kusikia.

Baada ya hapo ni filamu tu. Katika mfululizo wa Netflix wa 2023, mwanafunzi mmoja wa zamani alisema yeye ndiye mzushi, aliwaonyesha wenzake jiwe linalomeremeta. Wengine hawajabadili kauli.

Siku ile mtu mzima aliyekuwa karibu alikuwa mzazi mmoja aliyeuza kwenye duka la shule. Watoto walimkimbilia wakipiga mayowe. Hakutoka. Vitu na pesa za mauzo angemwachia nani?