Kupokezana Urais: Funzo la 1972, 1984 na 2021

Makoongwe ni kisiwa kidogo kinachoelekeana na bandari ya Mkoani, Pemba. Watu wake huishi kwa vyombo vya baharini, na baharini msaidizi wa nahodha hujulikana kabla ya kung'oa nanga, si katikati ya dhoruba. Nchi nayo ni hivyo hivyo. Rais akiondoka ghafla, nani anashika usukani, na kwa idhini ya nani?

Historia yetu imelijibu swali hili kwa hatua. Tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume aliuawa Kisiwandui, Unguja. Zanzibar haikuwa bado na katiba ya kudumu. Baraza la Mapinduzi ndilo lililomchagua Ndugu Aboud Jumbe. Pengo lilizibwa, lakini kwa umoja wa viongozi wachache, si kwa kifungu ambacho mvuvi wa Makoongwe angeweza kukisoma na kukidai. Katiba ilifuata mwaka 1979. Ndugu Jumbe alipojiuzulu Januari 1984, Ndugu Ali Hassan Mwinyi alikaimu, na Aprili akapigiwa kura na wananchi. Mwaka huo huo Zanzibar ikapata Katiba mpya.

Katika Muungano, mabadiliko ya mwaka 1994 yalileta mgombea mwenza, ambaye lazima atoke upande wa pili wa Muungano. Maana yake ilidhihirika tarehe 17 Machi 2021, alipofariki Rais John Magufuli. Kwa Ibara ya 37(5), Makamu wa Rais, Ndugu Samia Suluhu Hassan, aliapishwa tarehe 19 Machi kumalizia kipindi kilichobaki. Hakuteuliwa na kikundi. Jina lake lilikuwa limepigiwa kura mwaka 2020 pamoja na la Rais. Baada ya kushauriana na Chama, alipendekeza jina la Ndugu Philip Mpango kuwa Makamu, na Bunge likalithibitisha.

Tunajifunza nini? Kwamba Chama hushauri na kupendekeza, lakini idhini hutoka kwa wananchi kupitia kura na Bunge. Kada anayedhani Urais ni mali ya kikao hajaielewa Katiba. Na kifungu kisichojulikana na watu ni karatasi tu. Kwa hiyo wajibu wetu ni kuipeleka Katiba matawini, mpaka Makoongwe, isomwe wakati wa shwari.