Masafa

Msafiri atokaye Bagamoyo, afikapo njiapanda ya Msata akauliza masafa yaliyosalia hadi Segera, hulitumia neno hili kwa maana yake ya asili ya Kiarabu, yaani umbali. Ilhali mpenzi wa redio, ambaye alama yake ya wito hapa Tanzania huanza na 5H, hukusudia idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde. Ajabu ni kwamba yaitwayo masafa mafupi ndiyo yafikayo mbali, kwa kuwa mawimbi yake hurudishwa ardhini na tabaka la juu angani. Ama mkutano wa wapenzi wa redio wa kubadilishana vyombo na soga, tusiuazimie jina ughaibuni: gulio latosha, soko la siku maalumu, wajapo watu kwa bidhaa na kwa habari.