Safari ya 'society' na 'uncle' hadi Mumias

WIKI mbili zilizopita, mwalimu mmoja wa shule ya upili kutoka upande wa Mumias alinipigia simu. Alitaka nimpe orodha ya maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wake wangeyakariri ili waandike insha nzuri kuhusu jamii na uhusiano wa watu. "Prof, hata hamsini tu yatatosha," akaniambia.

Nilimwahidi orodha. Lakini nilipokaa kuiandika nilishindwa kupita neno la tatu. Neno lenyewe lilikuwa 'uncle'. Hebu nieleze kwa nini, maana kisa hiki kina historia ndefu kuliko umri wangu.

Mwaka 1975 nilikuwa najiunga na kidato cha kwanza. Baba yangu mzazi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, miezi michache kabla sijafanya mtihani wa CPE. Aliyenipeleka shule ni ndugu yake mdogo, ambaye tangu nijue kuongea nilimwita baba. Kwa Kiluyia nilimwita papa, kwa Kiswahili baba mdogo, na hakuna siku iliyopita bila mimi kumwita hivyo. Tulikuwa tumeahidiwa msaada wa karo kwa kuwa mimi ni yatima. Karani akaniuliza kwa Kiingereza huyu niliyekuja naye ni nani wangu. Nikajibu kwa fahari ya mtoto aliyepasi mtihani: "My father." Karani akatazama barua iliyosema baba yangu amefariki. Akatazama mtu aliyekaa mbele yake, mzima, kofia mikononi. Kisha akasema tumekuja kudanganya, ati marehemu hawezi kutia sahihi. Msaada ukafutwa pale pale. Baba mdogo aliuza ng'ombe wawili ili nibaki shuleni.

Kwa miaka mingi niliamini kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kusema 'uncle', basi. Ndivyo vitabu vyetu vya darasani vilivyosema: ndugu ya baba ni 'uncle', ndugu ya mama ni 'uncle', na ukitaka mume wa shangazi, naye ni 'uncle' vilevile. Sisi tuliotoka nyumbani tukijua watu watatu tofauti tulifika darasani tukakuta wamevalishwa koti moja.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Baba mdogo ni wa ukoo wangu. Baba akifa, yeye ndiye hubeba mzigo. Mjomba, ambaye sisi humwita khotsa, ni wa ukoo mwingine kabisa, na ana fungu lake katika mahari ya binti wa dada yake. Shangazi, yaani senge, ana sauti nyumbani kwetu ambayo mama mdogo hana. Mtoto wa Mumias anayejua maneno haya anajua pia nani atamlisha, nani atamshauri na ukoo gani hawezi kuoa.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nikagundua jambo lililonifanya niitazame lugha ya Kiingereza kwa jicho jingine. Kumbe Waingereza nao walikuwa na maneno haya! Katika Kiingereza cha kale, ndugu ya baba aliitwa 'fædera', na ndugu ya mama 'eam'. Dada ya baba alikuwa 'faðu', na dada ya mama 'modrige'. Majina manne kwa watu wanne, sawa na sisi. Bibi kizee wa Uingereza wa mwaka 1000 angemwelewa nyanya yangu haraka kuliko yule karani.

Ni nini kilichoyaua maneno hayo? Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliivamia Uingereza na kuitawala. Kifaransa kikawa lugha ya mahakama na ya wakubwa. Taratibu, katika karne zilizofuata, 'uncle' na 'aunt' yakaingia kutoka Kifaransa na kuyasukuma nje maneno ya wenyeji. Isitoshe, ukiyafuata hadi kwenye Kilatini unakuta 'uncle' limetokana na 'avunculus', ambalo lilimaanisha ndugu ya mama peke yake. Nalo 'aunt' limetokana na 'amita', yaani dada ya baba peke yake. Kwa asili, basi, 'uncle' ni mjomba na 'aunt' ni shangazi. Baba mdogo hakuwa 'uncle' hata Roma. Aliitwa 'patruus', neno lililotoka katika 'pater', yaani baba. Waroma, kama sisi, walisikia ubaba ndani ya jina lake.

Kwa hiyo nilipomwita baba mdogo 'father', nilikuwa karibu zaidi na Kilatini cha kale kuliko karani aliyenifukuza.

Sasa turudi Mumias, maana maneno ya Kiingereza hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalifika kwa miguu. Kabla ya Mzungu kukanyaga huko, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa tayari ikipiga kambi kwa Nabongo Shiundu, mtawala wa Wawanga. Watu wa misafara walipaita Kwa Sundu. Joseph Thomson alipofika mwaka 1883, jina hilo lilikuwa lingali midomoni ingawa Shiundu alikuwa ameshafariki na mwanawe, Mumia, ameshika utawala. Ni hapo ambapo Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 akielekea Busoga, alikouawa. Polepole jina la mahali likawa Kwa Mumia, na hatimaye Mumias.

Misafara ile ilileta nguo na shanga, ikaondoa pembe za ndovu, lakini pia iliacha msamiati. Mojawapo ni neno rafiki. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mwenzi wa safari, mtu mnayeandamana njiani. Sasa tazama neno 'society', ambalo mwalimu wangu alitaka liwe la kwanza katika orodha. Limetoka katika Kilatini 'socius', yaani mwenzi au mshirika. Lugha mbili zisizo na udugu zimewaza kitu kilekile: kwamba jamii huanza pale mtu anapopata wa kwenda naye. Mji uliozaliwa kwa misafara una haki ya kulielewa neno hilo.

Tena mambo haya mawili yalikuja kukutana Magharibi mwa Kenya kwa njia ambayo wengi hatuitambui. Mwaka 1902 wamisionari wa Kikweka kutoka Marekani walianzisha kituo chao Kaimosi. Jina la dhehebu lao kwa Kiingereza ni 'Society of Friends'. Wenyeji waliliitaje? Kanisa la Marafiki. Mill Hill nao wakafika Mumias mwaka 1904, na CMS wakafika Butere mwaka 1912. Kila misheni ilileta shule, na kila shule ilileta Kiingereza chake kidogo kidogo.

Baadaye neno 'society' lilipata makao mapya. Ukimuuliza mkulima mzee wa kwetu kama anajua 'society', atakuonyesha kwa kidole. Sosaiti ni lile jengo la chama cha ushirika ambako watu hupeleka mazao, hupimiwa, hupewa risiti, kisha hungoja malipo. Mimi mwenyewe nilipokutana na 'society' kwenye kitabu mara ya kwanza, nilishangaa jengo la mabati linawezaje kuwa na mila na desturi. Tucheke, lakini mkulima yule hajapotoka sana. Amelirudisha neno kwenye 'socius', kwa washirika.

Si maneno yote yaliyofika kwa upole hivyo. Serikali ya Uingereza ilipoweka kituo chake Mumias katikati ya miaka ya 1890, eneo lote hilo likiwa bado chini ya Uganda hadi mwaka 1902, C. W. Hobley alihitaji maneno ya kuwagawa na kuwatawala watu aliowakuta. Akatumia yaliyokuwa mfukoni: 'tribe', 'chief', 'headman'. Neno 'tribe' lilianzia Roma, ambako 'tribus' lilikuwa fungu la raia wa dola moja. Roma, kulitaja fungu lako kulikuwa njia ya kutaja nafasi yako katika dola. Kwetu lilikuja kuwa ukuta.

Mwaka 1909 Mumia akatangazwa 'paramount chief'. Tayari alikuwa nabongo, cheo chenye mizizi yake, mipaka yake na miiko yake. Neno 'chief' lilitoka Kifaransa, na maana yake ni kichwa tu. Sasa, kichwa unaweza kukiweka juu ya mwili wowote? Wakoloni waliamini inawezekana. Ndugu zake Mumia, Murunga na Mulama, wakapelekwa kutawala watu ambao hawakuwa Wawanga na hawakuwahi kuwa chini ya nabongo. Manung'uniko yaliyofuata yalidumu kwa miongo kadhaa, na mabaki yake ungali unayasikia katika mabishano ya wazee.

Hata hivyo kuna mahali ambapo Kiingereza kilishindwa na kuomba msaada. Watawala walipotaka kuwataja viongozi wa koo ndogo ndogo chini ya chifu, hawakupata neno la kuridhisha. Wakachukua la Kiswahili: mlango. Nyaraka za Kavirondo Kaskazini zikawa na viongozi walioitwa wa 'mlango', katikati ya sentensi za Kiingereza safi. Mlango ni watu waliotokea nyumba moja. Mtu aliyewahi kuishi bomani analielewa mara moja.

Nao wenyeji hawakukaa tu wakipewa majina. Kwa miaka mingi waliitwa Wabantu wa Kavirondo, jina ambalo hakuna nyanya aliyelitumia kumwita mjukuu wake. Katika miaka ya 1930, wakati dhahabu ya Kakamega ilipoamsha hofu ya kunyang'anywa ardhi, vijana waliosoma katika shule zile zile za misheni walianza kutafuta jina litakalowaunganisha. Wakachagua Abaluyia. Wengi hulihusisha jina hilo na 'oluyia', uwanja wa boma ambapo wazee walikoka moto na kuzungumza. Walijua Kiingereza vizuri, na ndicho walichoandikia malalamiko yao kwa serikali. Lakini walipotaka neno la kuwaambia wao ni nani, walilitafuta nyumbani.

Hapo ndipo penye funzo ninalotaka kumpa mwalimu wangu. Wale vijana hawakukikataa Kiingereza, wala mimi sikikatai. Kimenilisha na kimenipeleka mbali. Ila hawakukubali kwamba kitu kisichokuwa na neno kwa Kiingereza hakipo. Mwanafunzi anayekariri maneno hamsini bila kuyapima kwa maisha yake atafaulu mtihani, lakini siku moja atakaa nyuma ya meza, mtoto aje na baba yake mdogo, na atawafukuza.

Si mzaha huu. Fomu za shule, za hospitali, za benki na za ardhi bado zinauliza uhusiano wako na mtu fulani, na aghalabu huuliza kwa Kiingereza. Sheria yetu ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, inawataja miongoni mwa wategemezi watoto ambao marehemu aliwachukua katika familia yake kama wake mwenyewe. Ni maelezo marefu yanayojaribu kusema jambo ambalo 'mtoto wa baba mdogo' linalisema bila jasho. Hata hivyo afadhali sheria ilijaribu. Karani wangu hakujaribu.

Basi, mwalimu, orodha yako nimeikamilisha, lakini nimeongeza safu ya pili na ya tatu. Katika ya kwanza andika neno la Kiingereza. Katika ya pili wanafunzi waandike neno la Kiswahili au la lugha ya nyumbani, na kama kuna matatu, wayaandike yote matatu. Katika ya tatu waandike kinachobaki nje ya neno la Kiingereza. Wakifika kwenye 'cousin', waulize ni mtoto wa nani: wa baba mkubwa, wa shangazi, wa mjomba au wa mama mdogo? Wakifika kwenye 'neighbour', waambie kwamba asili yake ni mkulima aliye karibu, kisha wataje watu walioshika jembe la mwenzao msimu uliopita. Wakiandika 'my cousin brother', usiwachape. Hao wanajaribu kukitengenezea Kiingereza chumba ambacho hakina.

Baba mdogo alifariki miaka kadhaa iliyopita, na tulimzika nyumbani. Vijana wetu waliandaa wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, ukachapishwa vizuri, picha ya rangi juu. Nikaletewa nakala ya kwanza niikague. Mahali pa kutaja walioachwa, mimi niliandikwa mwishoni kabisa, miongoni mwa 'nephews'. Nilitoa kalamu. Nikafuta jina langu hapo chini na kuliandika juu, pamoja na watoto wake. Kijana aliyekuwa akipiga chapa akaniuliza kama nina hakika.

Nikamwambia nilikuwa na hakika tangu mwaka 1975.