Mwenye Kuweka Kipimo

Ukipita vichochoro vya Al-Safa, Jeddah, utaona maneno yaleyale yamepigwa rangi kwenye kuta na maboksi ya umeme: "fakk wa tarkib", na namba ya simu chini yake. Kufungua na kufunga. Ndiyo kazi yangu. Mtu anahama, namfungulia makabati na vitanda, tunapakia kwenye dina, yaani lori dogo, nakwenda kumfungia kule aendako. Nyumbani Unguja wakiniuliza nafanya nini Saudia husema mimi ni seremala, maana ukijiita mfungaji watu watadhani unacheza mpira.

Kazi za kuhamisha zinalipa kodi ya chumba. Zinazonifurahisha ni za nyongeza. Mtu alinunua makabati ya vitabu ya kujifungia mwenyewe, yale yanayokuja bapa ndani ya boksi. Vitabu vimezidi, sasa anataka rafu mbili zaidi, au kipande cha kupandisha kabati mpaka karibu na dari, au milango ya kioo kwa ajili ya vumbi. Na anataka vifanane na vya awali. Hapo kwenye kufanana ndipo penye kazi.

Jeddah ilikuwa na vitabu vingi kabla haijawa na makabati haya. Kule Al-Balad, mji mkongwe, iko Bayt Nassif, iliyojengwa kati ya 1872 na 1881, ambako Mfalme Abdulaziz alifikia mwaka 1925 alipoingia Jeddah. Shekhe Muhammad Nassif aliifanya nyumba ile kuwa maktaba ya maelfu ya vitabu, na baadaye vitabu vyake vikahamia Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz. Lakini mimi nikifika Al-Balad hutazama juu, kwenye rawshani, yale madirisha makubwa ya mbao yanayochomoza ukutani. Msaji wake uliletwa kwa majahazi kutoka ng'ambo ya bahari, kama ule wa milango ya kwetu. Rawshani si kitu kimoja. Ni vibao vidogovidogo vilivyopachikana, na kibao kikioza kinachomolewa, kinawekwa kingine. Fundi aliyehitaji kibao kipya alipimia kile cha jirani yake palepale ukutani.

Mwalimu wangu wa ufundi huko Unguja alifanya hivyohivyo kwa njia yake. Akishamaliza kabati la mteja, alikata ufito mwembamba, akaupiga alama za urefu, upana na nafasi za rafu, akauning'iniza kwenye boriti ya karakana. Mteja akirudi baada ya miaka kutaka kabati la pili, mzee aliangaza macho juu, akaushusha ufito. Mbao ilikuwa ileile mvule, kwa hiyo rangi haikumsumbua mtu. Kipimo kilikaa kwa fundi, na fundi alikaa mtaani.

Mmarekani Otto Wernicke ndiye aliyelipatia hatimiliki, mwaka 1892, kabati la vitabu la kuongezeka. Kila rafu ilikuwa sanduku linalojitegemea, na mlango wa kioo unaoinuliwa na kusukumwa ndani juu ya vitabu. Unaanza na masanduku mawili, ukinunua vitabu unanunua sanduku la tatu, unapachika juu. Mwaka 1899 biashara yake iliungana na kampuni ya Globe ya Cincinnati, na makabati ya Globe-Wernicke yakaenea mpaka Uingereza, hasa kwa mawakili. Jambo ninalolipenda kwa Wernicke ni karatasi. Ndani ya sanduku walibandika lebo yenye namba na daraja, ili mwenye kabati akiagiza nyongeza ataje namba ile na apate kinachoshabihi. Ule ufito wa boritini ulikuwa umegeuka karatasi, na umehama kutoka kwa fundi kwenda kiwandani.

Kabati bapa lina baba mwingine, Msweden Gillis Lundgren. Inasimuliwa kwamba mwaka 1956 alishindwa kuingiza meza kwenye gari, akaing'oa miguu, na IKEA ikaona njia ya kupunguza gharama ya kusafirisha hewa. Huyohuyo ndiye aliyechora kabati la Billy, lililoanza kuuzwa mwaka 1979. Miaka minne baadaye, 1983, Ghassan Al-Sulaiman aliileta IKEA Jeddah, na ikawa ya kwanza katika ufalme. Mafuta yalikuwa yameujaza mji wageni: walimu wa Misri na Sudan, wahandisi wa Pakistani, madaktari wa kila nchi. Watu wa mkataba wa miaka miwili, ambao huwa kumi na miwili. Hawakutaka kabati la msaji la kurithisha wajukuu. Walitaka kitu cha kufungua siku ya kuondoka. Nionavyo mimi, hakuna fanicha iliyomfaa mwenye ikama, kibali cha ukaazi cha mgeni, kuliko hii.

Kwa vipimo Billy ni mwaminifu, na nasema hivi baada ya kuyafungua mengi. Lile refu ni sentimita 202, lile fupi 106, kina 28, upana 80 au 40. Kipande cha kupandisha juu ni sentimita 35, kikikaa juu ya lile refu unapata 237. Lilikuwepo pia la upana wa 60, likaondolewa. Mwenye nalo akitaka rafu ya ziada siku hizi hanunui dukani. Anakatiwa.

Rangi ndiyo isiyotunzwa. Nyeupe ipo siku zote, ingawa nyeupe ya zamani na ya sasa ukiziweka bega kwa bega utaona moja ina umanjano. Ile ya mti wa Ulaya uitwao beech, rangi ya asali changa, ilipendwa sana kisha ikatoweka. Miaka ya karibuni hata ganda la mbao halisi, ambalo mafundi tunaliita vinia, limeachwa na mahali pake pamewekwa karatasi yenye picha ya mbao, na misumari midogo ya ubao wa nyuma imepisha vibanio vya plastiki. Kwa mnunuzi mpya ni nafuu. Kwa anayeongezea, ni kama kuoa ukoo mwingine.

Zamani kulikuwa na katalogi. IKEA ilianza kuichapa mwaka 1951, na mwaka 2016 ilifikia nakala milioni 200 kwa lugha 32. Hapa Saudia ilipata sifa mbaya mwaka 2012, pale magazeti ya Sweden yalipoonyesha kwamba wanawake walifutwa kwenye picha za toleo la hapa, na kampuni ikaomba radhi. Lakini kwetu sisi wa bisibisi katalogi ilikuwa daftari la ukoo. Mteja alikuwa akinitolea ya mwaka aliponunua, nasoma jina la rangi na upana, najua natafuta nini. Mwisho wa 2020 kampuni ilitangaza kwamba haichapi tena. Sasa mteja ananionyesha picha kwenye simu, imepigwa usiku chini ya taa ya manjano, ananiuliza hii ni rangi gani.

Basi kipimo kikahamia harajini, kwenye soko la mitumba. Kusini mwa Jeddah kuna Haraji ya Sawarikhi, na Riyadh wana yao, Haraji ya Bin Qasim, ambako nyumba nzima humwagwa chini ikauzwa kipande kipande. Mwezi wa Julai 2017 serikali ilianza kutoza kila mgeni riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu aliye chini yake, na ada ikapanda mia kila mwaka hadi riyali 400 mwaka 2020. Mwenye mke na watoto watatu akipiga hesabu alikuwa anawapeleka nyumbani. Juu yake ikaja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5 mwaka 2018, kisha 15 kuanzia Julai 2020. Nimefungua makabati ya watu wakiwa wanalia. Makabati yale yalikwenda haraji, na ndiyo maana rangi ambazo kiwanda kilizisahau ziko pale mpaka leo, zimeegemezwa ukutani juani. Wauza mitumba wengine hawafungi tena kabati zima. Wamegundua kwamba rafu moja ya rangi iliyokwisha ina bei kubwa kuliko kabati lake.

Mwaka jana maalim mmoja wa kwetu, amesomesha Qur'ani hapa Al-Safa tangu mimi sijapata ndevu, aliniita. Ana makabati manne ya beech, sebuleni, yamejaa tafsiri na fiqhi mpaka rafu zimepinda kama kitanda cha kamba.

"Mwanangu, nataka vipande vya juu, vyote vinne," aliniambia. "Na visiwe vya rangi nyingine. Mama yako hapa hatokubali."

"Maalim, rangi hii haitengenezwi tena."

"Lakini ilitengenezwa," akasema, kana kwamba ndiyo imekwisha hiyo.

Sawarikhi nilipata viwili, kimoja kimevimba. Hewa ya Jeddah ina chumvi na unyevu, na chipubodi ikishanywa maji haina dawa. Nikampigia mwenzangu, fundi wa Mombasa anayekaa Riyadh, naye, kwa sadfa, anaishi mtaa uitwao Al-Safa. Kule hewa ni kavu, mbao hazivimbi, ila vinia hupasuka kingoni. Alivipata vitatu, akavituma kwa lori.

Havikufanana. Vya Riyadh vilitoka kwenye nyumba ya mapazia mazito, vilibaki vyeupe vyeupe. Makabati ya maalim yalikuwa yamepigwa na jua la dirisha la magharibi miaka kumi na ushei, yameiva. Hapo ndipo fundi anapoiba kidogo. Kabati na kipande chake cha juu vina rafu za ukubwa uleule, kwa hiyo nilizihamisha. Zilizoiva nilizipeleka usawa wa macho, changa nikazishusha chini nyuma ya kochi, nyingine juu kabisa ambako vitabu vya mijaladi minene vinaficha ubao. Vipande vyeupe zaidi nilivipeleka upande wa dirishani ili jua livimalizie kazi. Kisha nikafunga kila kabati ukutani kwa skrubu na plagi. Sentimita 237 za vitabu bila kufungwa ukutani ni kaburi la mtoto, na wajukuu wa maalim wanapanda kila kitu.

Ndani ya ubavu wa kila kabati niliandika kwa penseli: upana, kina, jina la rangi, mwaka, na vilikotoka. Siku hizi nafanya hivyo kwa kila mteja, hata asiponiomba. Fundi atakayekuja kulifungua baada yangu atanishukuru, au atacheka mwandiko wangu.

Mkewe maalim alikuja akasimama mlangoni, akatazama muda, akasema kile cha tatu kina weupe. Nikamwambia kipe mwaka mmoja, bi mkubwa. Maalim alikuwa ameshaanza kupandisha vitabu. Aliponilipa aliniuliza kama yule kijana wa Riyadh anaweza kupata na milango ya kioo.

"Rangi hiyohiyo?" nikamuuliza.

"Sasa unataka iwe ipi?"

Nikatoa simu kumpigia.